Siku Moja ya Kutembea Mji wa Kihistoria: Mombasa, Unguja au Lamu?

Nianze na jibu, kwa sababu wengi wanaouliza swali hili wameshaomba ruhusa kazini na wanataka kukata tiketi. Ukiwa na siku moja tupu, asubuhi mpaka jioni, nenda Mombasa. Ukiwa na siku moja pamoja na usiku wake, vuka uende Unguja. Lamu usiende kwa siku moja. Isubirishe mpaka upate siku tatu, ingawa kati ya mitatu ndio mji ninaoupenda zaidi.

Yote mitatu imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, na Mombasa kupitia Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, tangu 2011. Kwa historia, hakuna wa kudharauliwa hapo. Kwa mtu mwenye siku moja, hata hivyo, cha kuulizwa kwanza ni kwamba mji utampa saa ngapi za kutembea kweli, na katika saa hizo atakuta nini kimefunguliwa.

Saa hizo ni chache kuliko unavyodhani. Jua la pwani likishafika saa tano huwezi tena kusimama kwenye ua wa ngome ukasoma maelezo kwa utulivu. Ikiingia adhuhuri maduka mengi ya miji ya zamani hufungwa, watu wakaswali, wakala, wakajinyoosha, na mitaa huchangamka tena karibu na saa kumi. Mgeni asiyejua hili hufika saa nne, akazunguka saa mbili, kisha akashinda mchana wote kwenye mkahawa akilalamika kwamba mji umelala. Aliyejipanga huanza saa moja na nusu asubuhi, akajificha kivulini mchana, akatoka tena alasiri mpaka magharibi. Jumla ni kama saa sita au saba hivi. Siku ya Ijumaa punguza zaidi, kwa kuwa shughuli husimama tangu kabla ya swala ya Ijumaa mpaka watu watawanyike.

Ukiuchukua ulinganisho wote ninaoutoa hapa ukaupima kwa saa hizo sita, utaona kwa nini nimepanga nilivyopanga.

Kufika na kuondoka

Mombasa ndiyo rahisi kuliko yote, hasa kwa mtu wa Kenya. Treni ya Madaraka Express imekuwa ikienda tangu 2017, na ile ya usiku kutoka Nairobi inakufikisha kabla hakujapambazuka. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo bado utahitaji matatu au teksi kuingia mjini, lakini saa moja unaweza kuwa umeshakaa mbele ya mahamri na mbaazi. Jioni unapanda tena treni au basi ukarudi. Siku yako nzima imebaki mjini.

Unguja kutoka Dar es Salaam ni boti ya mwendo wa kasi, takriban saa mbili baharini. Ukipanda ya saa moja asubuhi unashuka bandari ya Malindi, Unguja, kama saa tatu. Tatizo ni kurudi: boti ya mwisho huondoka mchana ukielekea jioni, na kuwahi foleni ya bandarini kunakulazimu uwe umeaga mji mapema zaidi. Hesabu mwenyewe. Unafika jua limeshapanda, unaondoka mji unapoanza kuamka tena. Zile saa bora za alasiri na magharibi, ambazo kwa Unguja ndizo tamu kuliko zote, unazitumia kwenye foleni na kwenye kiti cha boti. Ndiyo maana nasema Unguja inataka usiku mmoja. Msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, bahari huchafuka pia, na mwenye tumbo jepesi hatatamani kuvuka mara mbili kwa siku moja. Anayetoka Kenya akumbuke pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hata anayetoka Tanzania bara asisahau kitambulisho.

Lamu kwa ndege unashuka Manda, kisha boti inakuvusha mlangobahari hadi mjini. Kwa barabara kutoka Mombasa unapita Malindi ya Kenya, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Safari hiyo ya barabara inakula karibu siku nzima, na kabla ya kuianza ulizia hali ya usalama njiani, maana eneo hilo limewahi kuwa na matatizo. Mtu hawezi kusafiri hivyo, akatembea, akarudi, siku ile ile. Mwenye pesa ya ndege anaweza, lakini atakuwa amelipa nauli ya ndege aone mji kwa saa tatu.

Ngome tatu

Ukitaka njia ya haraka ya kuelewa tofauti za miji hii, linganisha ngome zake. Kila mji una moja, zote tatu zimewahi kuwa gereza, na leo zote tatu ni mahali pa utamaduni. Hata hivyo, hazikujengwa na mtu mmoja wala kwa sababu moja.

Ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari ya zamani. Ukiiona kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Ni ngome ya watu waliokuwa wakiogopa bahari na nchi kavu kwa wakati mmoja, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza, aliwageukia akaiteka. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira, na kuzingirwa kule kukadumu kwa karibu miaka mitatu, mpaka walipoiteka Desemba 1698.

Kisa cha kuzingirwa huko ndicho ningependa kila anayeingia pale akijue. Walioteseka ndani ya kuta hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wengi waliokuwa upande wao, na njaa na maradhi vikawamaliza wote pamoja. Mwaka 1697 kamanda wa Kireno alipofariki, ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, kutoka visiwa vya Lamu, na jamaa zake wachache, mpaka msaada ulipofika kwa meli. Katika mwaka huo huo meli ya kivita ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua chini ya maji katika miaka ya 1970, na vitu vyake vimo ndani ya makumbusho. Unavitazama, kisha unapanda ukutani na kuona maji yale yale ilipozama. Kuna sehemu chache sana Afrika Mashariki ambapo kisa, kitu na mahali vinakutana karibu hivyo. Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960.

Tenga saa mbili na nusu kwa Ngome ya Yesu, na uingie mapema, maana uani hakuna kivuli cha maana. Usitoke bila kuona ukuta wenye michoro ya askari wa Kireno, na chumba cha Nyumba ya Waomani chenye upepo wa bahari.

Ngome Kongwe ya Unguja ni mtoto wa ushindi ule ule. Waomani walipowafukuza Wareno waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, mwishoni mwa karne ya 17 kuingia ya 18. Kuta zake ni nzuri kutazama kutoka nje. Ndani, sema kweli, hamna mengi: ua, maduka ya vinyago na vitambaa, na jukwaa la wazi la maonyesho. Imekuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika hata kama karakana ya reli ya kwenda Bububu. Nusu saa inatosha, labda kuwe na muziki usiku huo.

Ya Lamu haiko baharini hata kidogo. Imesimama katikati ya mji, mbele ya uwanja wa soko, na ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, watu wa Lamu walipowashinda Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na washirika wao wa Pate. Walishinda, lakini wakahofia kulipiziwa kisasi, wakaomba ulinzi wa Oman. Kwa hiyo ngome ile ni alama ya mji uliochagua mlinzi wake wenyewe, na mlinzi huyo baadaye akawa mtawala. Ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Panda juu uone mapaa ya mji, kisha keti nje chini ya miti pamoja na wazee.

Kwa ngome, basi, Mombasa imewaacha wenzake mbali. Kama unachokitafuta ni jengo moja kubwa linaloeleza karne nne kwa mpangilio, hutapata kwingine kwenye pwani hii.

Vichochoro

Hapa mizani inageuka. Nje ya ngome, Mji wa Kale wa Mombasa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Unashuka Ndia Kuu ukitazama roshani za mbao zilizochongwa, unapita Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, unafika bandari ya zamani ambako majahazi yamebaki machache, unatazama jengo la zamani liitwalo Leven House na ngazi zake zinazoteremka majini. Kwa mwendo wa pole ni saa moja na nusu. Nyingi ya nyumba unazoziona ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, na baadhi zimeachwa zichakae mpaka inauma. Roshani inayoning'inia kwa msumari mmoja si pambo la kupigia picha, ni jambo la kusikitisha, na ninatamani wenye nyumba wangesaidiwa kuzitengeneza. Cha kufurahisha ni kwamba mji huu hauna mpaka na mji mpya. Unatoka kichochoroni, unaingia Marikiti kununua viungo, unavuka hadi Biashara Street kuchagua leso na kusoma majina yaliyoandikwa chini yake, na yote ni kwa miguu.

Mji Mkongwe wa Unguja ni mkubwa zaidi na mzito zaidi. Utapotea, na kupotea ni sehemu ya matembezi, kwa sababu ukienda upande wowote kwa muda wa kutosha utatokea ama baharini ama barabara ya Darajani. Tazama milango. Ile ya zamani ya Kiomani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi chenye maandishi ya Kurani. Ile ya mtindo wa Kihindi ina upinde juu na vifundo vya shaba. Ukishajua tofauti hiyo, utakuwa unasoma nani aliishi wapi bila kuuliza mtu. Majumba ya mbele ya bahari nayo yana visa vya kukutosha siku nzima. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu, kwa hiyo usipange siku yako ukitegemea kuingia ndani bila kuulizia kwanza. Jirani yake ni kasri la masultani, lililo mahali palipopigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Lamu ni aina nyingine kabisa. Magari ni machache mno. Mizigo inabebwa na punda, mchanga wa kujengea, magunia ya mchele, hata friji. Mitaa ya Mkomani ina nyumba za mawe zilizobanana kiasi kwamba mwenye punda akija lazima mmoja wenu arudi nyuma. Juu ya kichochoro, nyumba mbili huunganishwa na wikio, chumba kilichopita hewani kutoka ukuta hadi ukuta, na chini yake kuna ubaridi hata saa saba mchana. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kupinda. Ingia Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili uone zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na jinsi nyumba inavyozidi kuwa ya faragha kadiri unavyoingia ndani. Kisha nenda makumbusho ya mbele ya bahari, ambako kuna siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zile baragumu zilizopigwa siku za harusi na sherehe za watawala.

Hizo ni nyumba mbili tu za kuingia. Utazimaliza asubuhi moja. Sasa kwa nini niseme siku tatu?

Kwa sababu Lamu haikai kwenye makumbusho. Unachokwenda kukiona ni jinsi mji wa Waswahili unavyoishi ukiwa bado wa wenyewe. Watoto wakienda chuoni (madrasa) na mikoba begani, fundi wa jahazi akipigilia ubao ufukweni, wazee kwenye baraza wakijadili bei ya samaki, Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh ukijaa watu kutoka kila upande wa pwani wakati wa Maulidi. Mambo hayo hayana ratiba. Siku ya kwanza unaonekana mgeni na watu wanakuwekea sura ya mgeni. Siku ya pili mwenye duka anakusalimia. Siku ya tatu unaitwa ukae. Halafu kuna Shela, kilomita kama tatu kwa mguu kando ya bahari (maji yakijaa sehemu ya njia hufunikwa, hapo panda boti), na vilima vyake vya mchanga ambavyo chini yake ndiko mji unakopata maji matamu. Kulifanya jambo hilo kwa saa sita ni kuinyima Lamu nafasi ya kukuonyesha ilichonacho.

Mkunazini

Kuna mahali pamoja Unguja ambapo panavunja hesabu zote za saa, na mtu anayechagua mji kwa ajili ya historia inabidi apapime peke yake.

Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultan Barghash alitia saini na Waingereza Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare. Altare yenyewe inasemekana iko pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kule Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa.

Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Sanamu hizo zilitengenezwa na msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs mwaka 1998. Miguu yao haionekani vizuri, kana kwamba ardhi imewameza nusu. Watu wengi huja wakicheka na kupiga picha, wakifika ukingoni wananyamaza.

Utaonyeshwa pia vyumba viwili vya chini, vyenye dari la kukuinamisha, na utaambiwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo. Mimi nashauri uingie, halafu utumie muda mrefu zaidi kwenye maonyesho ya kando yenye maandishi na picha juu ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki, kwa sababu hapo ndipo utakapoelewa ilivyokuwa inaendeshwa: misafara kutoka bara, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wafanyabiashara wa mataifa mbalimbali, na ukweli kwamba kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Zanzibar uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Hicho ni karibu robo karne baada ya jiwe la msingi la kanisa.

Mombasa haina mahali kama hapo, wala Lamu. Kama unasafiri na mtoto wa sekondari, au umesoma habari hizi shuleni bila kuziona, Mkunazini peke yake inatosha kukuvusha bahari. Nenda asubuhi, na baada ya hapo usiupakie mchana wako mambo mengine mazito.

Kula

Mombasa asubuhi: mahamri na mbaazi za nazi. Jioni: viazi karai, bhajia, mishkaki na kachri barabarani, na kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Unguja: urojo mchana, na usiku Forodhani, bustani ya mbele ya Ngome Kongwe ambako meza za samaki, mishkaki, chapati za mayai na juisi ya miwa huwashwa taa baada ya magharibi. Anayerudi na boti ya alasiri haioni Forodhani hiyo hata kidogo, na hili ni jambo la kumfanya mtu alale. Lamu ni samaki, kamba, mkate wa mofa na juisi za matunda ambazo sijakunywa bora kwingine.

Ramadhani mchana usitarajie kula hadharani popote kati ya hapa, Unguja hasa. Usiku wake, kinyume chake, ni mzuri mno, kwa hiyo anayeweza kuutembea mji usiku asiuogope mwezi huo.

Kulipa, kuvaa, kuongozwa

Makumbusho ya pande zote mbili, Kenya na Zanzibar, hutoza wenyeji na wageni viwango tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho hata kama unaona sura yako inatosha. Makumbusho ya taifa ya Kenya siku hizi hupokea malipo kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia huduma mtandaoni, na ni vyema simu yako iwe na pesa na chaji. Kwa jumla Mombasa ndiyo nafuu zaidi kwa sababu hulazimiki kulala wala kuvuka maji. Lamu ndiyo ghali, na nauli ndiyo inayoipandisha. Ukishafika, kuishi si ghali.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Hii ni mitaa ya watu, wanaishi humo na wanaswali humo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na salimu kabla ya kuuliza chochote. Kijana aanze kwa shikamoo pale panapostahili, na ataona milango inavyofunguka.

Kuhusu kuongozwa, nina maoni makali kidogo. Ngome ya Yesu chukua muongozaji aliyesajiliwa, kwa sababu bila maelezo utaona mawe tu. Mkunazini vilevile. Lakini kwa vichochoro vya Unguja na Lamu, mtu anayezungumza Kiswahili hahitaji kiongozi. Papasi wa bandarini Unguja, yaani vijana wanaofuata wageni ili wawaongoze kwa malipo, watakuandama wakidai kwamba utapotea. Washukuru, endelea na safari yako, na ukitaka njia muulize mama anayeuza vitumbua.

Na nani unasafiri?

Wazee na wenye shida ya magoti watapata nafuu Mombasa. Tuktuk inafika karibu na lango la ngome, na ndani ya ngome mnaweza kukaa kivulini mwa ukuta wakati wengine wakipanda ngazi. Mkitoka mnapumzika kwenye bustani ya Mama Ngina chini ya mibuyu, upepo ukitoka baharini. Unguja tuktuk na teksi zinaishia pembeni ya mji, ndani ni miguu, pikipiki na mikokoteni. Lamu ni ngumu zaidi kwa mtu wa fimbo: kushuka na kupanda boti gatini, mitaro ya maji njiani, kinyesi cha punda, mawe yaliyopishana.

Watoto wadogo ni kinyume. Lamu wanafurahi kupita kiasi kwa sababu ya punda na mashua. Unguja wapeleke kisiwa cha Changuu, nusu saa hivi kwa boti, wakaone kobe wakubwa ambao wazazi wao walitoka Shelisheli mwaka 1919, lakini ujue kwamba Changuu inakula nusu ya siku na hapo Mji Mkongwe unabakiwa na kidogo. Ngome ya Yesu inawavutia wenye miaka tisa kwenda juu kwa sababu ya mizinga. Wa chini ya hapo watachoka na jua.

Wachumba wanaotaka utulivu, Lamu, na msiende kwa siku moja hata mkibembelezwa. Mpenda picha aende Unguja na aamke kabla ya jua, maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi vichochoro ni vyake peke yake.

Anayeishi Dar es Salaam na ana siku moja tu, bila usiku, na hataki kuruka mpaka Mombasa, asijilazimishe boti ya kwenda na kurudi. Aende Bagamoyo kwa basi. Ana magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, ana misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868 na mnara ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 ukisubiri meli, ana boma la Wajerumani waliofanya mji huo kuwa makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar. Kaole iko nje ya mji, kwa hiyo aianze asubuhi kwa bodaboda, arudi mjini kula, amalizie misheni alasiri, na saa kumi na moja apande gari la kurudi nyumbani.